Kigoda Kimoja kwa Kila Nyumba

Sitasema nilifikaje Ugawani. Wasafiri wenzangu hupenda kujaza kurasa kwa milima waliyopanda na homa walizougua, na wakifika penye habari yenyewe wamekwisha kuchoka. Mimi nilifika, basi. Nianze na sheria, kwa maana Ugawani ni nchi ya sheria, na wenyewe hawachoki kukukumbusha.

Sheria yao kubwa ni hii: kila nyumba ina haki ya kigoda kimoja shuleni. Kimoja tu, kwa tajiri na kwa maskini, kwa diwani na kwa mchunga mbuzi. Kigoda hicho hupelekwa shuleni mtoto wa kwanza wa nyumba anapofikisha umri wa shule, na hubaki huko mpaka kimalize madarasa yote kumi. Nimesema kigoda kimalize, wala sikukosea. Ugawani mwalimu hafundishi mtoto, hufundisha kigoda. Nyumba yenye mtoto mmoja humkalisha huyo huyo kila siku. Nyumba yenye watoto wanane huwakalisha kwa zamu, leo huyu na kesho yule, na somo halirudiwi kwa ajili ya yeyote, kwa sababu kigoda kilikuwepo lilipofundishwa.

Aliyenieleza haya ni Bwana Ngelela, Mkaguzi Mkuu wa Vigoda, mtu mpole mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alinipangia kulala katika nyumba ya Mzee Lubango, mkulima mwenye watoto wanane, akasema serikali huwapeleka wageni kwenye nyumba kubwa kwa sababu huko mtu mmoja zaidi haonekani. Kisha akanichukua kwenda kuona shule.

Nilikuwa nimesikia habari za shule nyingi mbovu, lakini ile haikuwa mbovu. Ilifagiliwa ikang'aa. Vigoda vilipangwa kwa mistari, na Mwalimu Songoro, mwanamume mwembamba mwenye chaki hata kwenye nyusi, aliita majina ya nyumba moja baada ya nyingine. Alipoita nyumba ya Lubango nikageuka kutazama, maana ndiyo wenyeji wangu. Juu ya kigoda chao alikuwa amelazwa mtoto mchanga aliyeviringishwa khanga. Mama yake alikuwa amechuchumaa pembeni, amemshika asianguke.

"Huyo ni Limi," Bwana Ngelela alininong'oneza. "Amezaliwa juzi juzi. Leo ndiyo zamu yake."

Darasa lilikuwa la kumi. Somo lilikuwa namna ya kutafuta eneo la duara. Mwalimu Songoro alifundisha vizuri sana, kwa kamba na kijiti, na kuna mahali hata mimi nilielewa jambo ambalo shuleni kwetu lilinipita. Mbele ya Limi alikaa mtoto wa miaka sita hivi, ambaye tangu azaliwe hajaonyeshwa herufi, akilinakili lile duara huku ametoa ulimi nje. Dirishani alikaa kijana wa nyumba yenye mtoto mmoja, jina lake Fumo, na yeye alifuata kila neno bila taabu. Mwalimu alipomaliza alipita kigoda kwa kigoda kuuliza kama wameelewa. Alipofika kwa Limi akainama, akauliza kwa heshima ileile. Limi akacheua. Mwalimu akasogea kwenye kigoda kilichofuata.

Tulipotoka nilimwuliza Bwana Ngelela kama haoni kuwa mtoto mchanga hawezi kuelewa duara.

"Ungependa tumnyime haki yake?" akauliza, na nikaona kwamba amehuzunika kwa ajili yangu.

Nikamwambia kwamba haki hiyo inaliwa na mwenziwe. Siku aliyolala Limi pale ni siku ambayo dada yake hakusoma. Akanieleza asili ya sheria, na maneno yake nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Wazee wetu walioitunga hawakuwa wajinga. Wakati wao haikuwa na kasoro. Mtu alizaa kumi. Ndui ikaja ikachukua wake, surua ikachukua wake, njaa nayo haikukosa. Aliyebaki ndiye aliyekaa. Kigoda kimoja kilitosha kabisa, na mara nyingine kilikosa wa kukikalia. Shida ilianza ilipokuja chanjo. Watoto wameacha kufa, na waliozileta hizo chanjo hawakutuuliza habari za shule."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Wiki hiyohiyo Baraza lilikutana kujadili jambo hili, nami nikaruhusiwa kukaa nyuma. Mjumbe mmoja, Bi Holo, alisimama akasema maneno machache: kila mtoto apewe kigoda chake. Wajumbe wakakunja nyuso kama watu waliosikia tusi. Kisha akajibiwa, kwa adabu, kwamba shule zilijengwa kwa hesabu ya nyumba na siyo kwa hesabu ya watoto, na kwamba kubomoa shule ili watu wasome ni kinyume. Mwingine akasema watu wapunguze kuzaa. Huyo aliulizwa ni nani atakayelima, na nani atakayewatazama wazazi wakizeeka, na kama yeye mwenyewe, ambaye ni wa saba kwao, angependa kupunguzwa. Akakaa. Akasimama mzee mmoja wa heshima, akapendekeza chanjo zisimamishwe kwa muda, kwa majaribio, ili ionekane kama sheria itarudi kufanya kazi. Hakuzomewa. Aliambiwa alete maelezo zaidi. Mjadala ukaendelea mpaka jua likapinda, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba vigoda vyote vipakwe rangi ya samawati. Walipeana mikono wakatoka wamefurahi.

Kwa Mzee Lubango hakuna aliyekuwa na habari ya rangi. Huko walikuwa wakiisubiri Siku ya Kutaja. Kigoda kikimaliza darasa la kumi, baba wa nyumba humtaja mtoto mmoja mbele ya Mkaguzi, na huyo akishinda maswali huenda Chuo kwa niaba ya wote. Wengine hurudi mashambani na kwenye majiko, na hapo habari yao ya kusoma imekwisha. Kigoda cha Lubango kilikuwa kimebakiza wiki chache tu.

Mtoto wa kwanza wa nyumba ile ni msichana, Nyamizi, aliyekaribia miaka kumi na saba. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kukukazia macho unapozungumza mpaka ukaanza kujisahihisha. Baada ya chakula cha jioni nilimwona akifanya jambo ambalo sikuliona katika nyumba nyingine yoyote ya nchi ile. Aliwakalisha wadogo zake kwenye mkeka, na yule ambaye zamu yake ilikuwa siku hiyo akatoa alichosikia, neno kwa neno, hata kama hakukielewa. Pacha walijua kuiga sauti ya mwalimu, wakikohoa alipokohoa. Shija, mwenye miaka minne, alileta mara nyingine neno moja tu, na hilo moja Nyamizi alilipokea, akaliuliza huku na huku, akalipeleka mahali pake. Zamu ya mchanga ilipofika, aliyetoa somo ni mama yao, Bi Kabula. Jioni ya siku niliyozuru shule alichora duara majivuni kwa kidole, akaeleza lote, kamba na kijiti.

"Siku za wachanga nasikiliza mimi," aliniambia, kana kwamba ananiomba radhi. "Nipo pale pale, nimeshika mtoto. Masikio nitayaweka wapi?"

Nikamsifu. Hakuitaka sifa yangu.

"Nyamizi alipoanza shule walikuwa watatu," akasema. "Siku zake zilikuwa zinaonekana. Akaja wa nne. Wakaja pacha, nikamwona anahesabu vidole, sikumwuliza anahesabu nini. Mgeni wetu, mimi kila nikijifungua watu wanakuja na kuku kunipongeza, na najua kuna mtoto nimemtoa darasani. Nakula ile supu, lakini hainishuki vizuri."

Mumewe alikuwa akisikia. Mzee Lubango si mtu mbaya, na ningependa msomaji asimwone hivyo. Alisema, "Mama yangu alizaa kumi na mmoja, akazika tisa. Nilimwona kwa macho yangu. Na mimi nilizaa nikingoja kuzika. Sikuzika hata mmoja. Namshukuru Mungu asubuhi na jioni, na sijui niwafanye nini."

Limi alikuwa ananyonya, na sauti yake ndiyo iliyosikika.

Mambo yenyewe yalisimama hivi. Nyamizi alitaka kwenda Chuo kujifunza ukunga. Siku aliyozaliwa Shija mama yake alikaribia kufa, na wanawake wote waliokuwemo chumbani walijua kulia tu. Upande wa pili kulikuwa na mwanamume wa ng'ambo ya mto, aliyefiwa na mke akaachiwa watoto watano, naye alikwisha leta posa. Mzee Lubango alimwambia binti yake waziwazi, nami nipo: "Ukitajwa ukashinda, posa nairudisha. Usiposhinda, baada ya mavuno utakwenda. Sina la kufanya, mama. Mnabanana humu ndani."

Lakini desturi ilimtaka amtaje mvulana wa kwanza, Mabula. Ukoo wote ulikuwa ukimwita Mabula msomi tangu alipokuwa anatambaa. Kijana mwenyewe ndiye aliyelivunja jambo hilo. Alikuja kwa baba yake akiwa bado na fimbo ya kuchungia.

"Baba, ukinitaja mimi utaaibika," akasema. "Zamu zangu nyingi nimezilala. Natoka na ng'ombe alfajiri, nikifika pale naegemea tu. Hata hayo machache niliyosikia, ukimwuliza Nyamizi atakwambia vizuri kunishinda. Mtaje yeye."

"Watu watasema."

"Si wanasema kila siku?"

Mzee Lubango akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike kwake. Akakubali. Bi Kabula aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Siku ya Kutaja watu walijaa uwanja wa shule. Vigoda vilikwisha pakwa rangi, na baadhi havijakauka. Bwana Ngelela alikaa mezani na Mwalimu Songoro kando yake, maana mwalimu huyo alisifika kwa kukumbuka ni nani alikalia siku gani. Ikaitwa nyumba ya Fumo. Kijana akajibu maswali yake, akapita, mama yake akamvika kofia, na yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa chai. Nilitamani kumchukia, nikashindwa, kwa sababu alijibu vizuri na hakuwa na majivuno.

Ikaitwa nyumba ya Lubango. Wakasogea wote, kigoda kikawekwa mbele.

"Namtaja Nyamizi," akasema Mzee Lubango.

Watu wakaguna. Bwana Ngelela akainua mkono wakatulia, akasema sheria haijakataza. Akauliza eneo la duara. Nyamizi akajibu. Akauliza kwa nini mto hupinda. Akajibu, tena akaongeza mfano wa mto wao wenyewe, wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Akauliza habari ya mapatano yaliyomaliza vita vya zamani vya nchi ile, nani aliahidi nini na nani hakutimiza. Nyamizi akaeleza yote bila kuharakisha. Nilimwona Mzee Lubango akianza kujinyoosha mgongo. Nami, ambaye nilikuja kutazama tu, nilikuwa nimekunja ngumi mfukoni.

"Majibu yote ni sahihi," akasema Bwana Ngelela, na kwa kweli alionekana amependezwa. "Sasa tuangalie ni ya nani."

Akamgeukia mwalimu. "Duara lilifundishwa zamu ya nani?"

"Ya Limi," akasema Mwalimu Songoro.

Watu wote wakamtazama Limi. Alikuwa amelala kifuani mwa mama yake, mdomo wazi.

"Basi jibu la duara ni la Limi. Na mto?"

"Mto walikuwa pacha. Yule wa kwanza alipata chanzo, wa pili akapata mapindo."

"Na mapatano?"

"Mabula."

"Nimempa mimi mwenyewe," Mabula akasema. "Sitaki anirudishie."

"Kitu cha kigoda hakipewi mtu, kijana. Kina mgao wake." Bwana Ngelela akarudi kwa Nyamizi, akasema kwa upole, "Binti, sahau hayo. Tutajie tu yale uliyoyasikia katika zamu zako."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika. Aliponyanyua uso nikaona anatafuta kweli, anapekua ndani ya kichwa chake.

"Siwezi kuyatenga," akasema. "Yamekwisha changanyika. Nikitoa ya wenzangu na yangu hayasimami."

Bi Kabula akapiga hatua mbele na mtoto wake kifuani. "Bwana Mkaguzi, duara nilimpa mimi. Limi alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyesikia."

"Mama, wewe una kigoda?"

"Cha nyumba ya baba yangu."

"Kilikaliwa na nani?"

"Na kaka yangu."

"Basi hukusikia," akasema Bwana Ngelela.

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Alisema hivyo kama mtu anavyomsaidia mwenziwe kukumbuka jambo. Bi Kabula akarudi nyuma alipokuwa.

Wakanong'onezana mezani. Kisha Mkaguzi akasimama, akavaa miwani, akatoa uamuzi. Alisema katika nyumba ya Lubango mgao umekwenda sawa kabisa, hakuna mtoto aliyemzidi mwenziwe, na kwamba huo ni mfano mwema kwa nchi nzima. Kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kutajwa. Hata hivyo maswali yote yamejibiwa, na nchi haiwezi kutupa elimu iliyopatikana kwa jasho. Kilichokuwepo siku zote, bila kukosa hata moja, ni kigoda. Kigoda cha nyumba ya Lubango kimefaulu, tena kwa sifa. Kitakwenda Chuo.

Watu wakapiga makofi. Naandika nilichokiona. Wanawake walipiga vigelegele, kigoda kikavikwa kitambaa cheupe, vijana wanne wakakipandisha kwenye mkokoteni. Jamaa walimzunguka Mzee Lubango kumpa mkono. Nyumba yako imesoma, walimwambia, nyumba yako imefika Chuo. Akawashukuru mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kutabasamu kabla hajakumbuka. Alipokumbuka, mkono ulikuwa bado mkononi mwa mtu.

Nilimwendea Bwana Ngelela, na sikuwa na adabu. Nilimwuliza kigoda kitafanya nini huko.

"Kuna ukumbi mzima wa vigoda vya nyumba kubwa," akanijibu. "Vimepangwa vizuri, na vinapata walimu bora kuliko hawa wetu. Ukipata nafasi nenda ukatazame. Utasikia raha."

"Na wajawazito watakapohitaji mkunga?"

"Hilo liko idara nyingine," akasema, akanikaribisha chakula.

Sikula. Nilirudi nyumbani kwa Lubango kwa miguu, nimekasirika kama mtoto, huku najua hasira yangu haimsaidii yeyote katika nyumba ile. Hawakulia pale. Bi Kabula alipika kama siku nyingine. Mabula alikwenda na ng'ombe wake. Siku iliyofuata, mapema, wajumbe wa mtu wa ng'ambo ya mto walikuja wakakaa ukumbini, wakazungumza kuhusu mvua mpaka walipopata nafasi ya kuzungumza kuhusu jambo lao. Mzee Lubango alijibu ndiyo akitazama chini. Alinitazama mimi mara moja tu.

Nilimkuta Nyamizi nyuma ya nyumba, anasugua masufuria kwa mchanga. Nikamwambia kwamba naondoka, na kwamba nimeona dhuluma kubwa ambayo sijawahi kuiona mahali popote. Aliendelea kusugua.

"Kwenu mlizaliwa wangapi?" akaniuliza.

"Tisa."

"Na aliyesoma ni nani?"

"Mimi."

"Kwa nini wewe?"

Nilimwambia nilikuwa mvulana wa kwanza, na kwamba hiyo ilikuwa zamani, na zamani mambo yalikuwa hivyo. Nilisikia sauti yangu ikiwa ya upole kama ya Bwana Ngelela.

"Na wakubwa zako?"

"Walikuwa dada watatu. Wawili waliolewa mapema. Mmoja alibaki kumsaidia mama kutulea."

Akasuuza sufuria, akaligeuza likauke. "Ukifika kwenu utaandika habari zetu?"

"Nitaandika," nikasema. "Nitaandika kila kitu, kila mtu asome."

"Dada zako watasoma?"

Nikamwambia hapana, hawajui kusoma. Nyamizi akainua ndoo, akaniomba nisogee kidogo apite.